Kijidudu cha Malale na Majoho Yake

Msomaji, ukitoka mjini Thika ukaishika barabara ya mashariki, ukayapita mashamba ya mananasi na ya katani, ukauacha mlima wa Kilimambogo mkono wako wa kuume, utafika katika nchi ya Ngoliba. Nchi hiyo ina joto na ukavu kuliko vilima vya Kiambu, na wenyeji wake hulima na kufuga. Ukifika jioni utawakuta vijana wa rika lako wakirudisha ng'ombe kutoka malishoni na kuwahesabu mmoja mmoja penye lango la boma. Mfugaji wa Ngoliba, kama mfugaji ye yote wa Afrika ya Mashariki, huingiwa na hofu anapomwona ng'ombe akikonda ilhali majani yapo tele, manyoya yamesimama, macho yatoa machozi, na maziwa yamekauka. Ajua kwamba maradhi mengi yaweza kuleta dalili hizo, na mojawapo ni nagana.

Nagana huletwa na kijidudu kiitwacho tripanosoma, ambacho hakionekani ila kwa darubini. Kijidudu hicho huogelea katika damu, nacho huchukuliwa na mbung'o kutoka kwa mnyama huyu hata kwa yule. Ndugu yake wa karibu sana huingia katika mwili wa binadamu na kuleta malale, ugonjwa ambao usipotibiwa humlaza mtu usingizi wa mchana, humpotezea akili, na mwisho humwua. Katika insha hii nataka kukusimulia jinsi watu walivyokuja kukijua kijidudu hicho. Habari yenyewe si ya magonjwa tu. Ndani ya kijidudu hicho wataalamu waliona jambo la ajabu juu ya namna chembe hai isomavyo maandishi yake, na sehemu moja kubwa ya kazi hiyo ilifanywa Kabete, mahali ambapo mtu wa Ngoliba aweza kufika kwa mwendo wa asubuhi moja.

Tuanze na msiba wa Uganda. Mwanzoni mwa mwaka wa 1901 madaktari wawili, Albert na Jack Cook, waliokuwa ndugu wa tumbo moja, waliona katika hospitali ya Mengo wagonjwa wa namna wasiyoizoea. Punde ikajulikana kuwa ni malale, na kwamba yameenea kando ya ziwa, hasa Busoga na visiwani. Kati ya mwaka wa 1900 na 1920 watu zaidi ya 200,000 walikufa katika nchi za pwani ya ziwa hilo. Vijiji vizima vilibaki migomba tu, bila mtu wa kuikata.

Mwaka wa 1902 wataalamu walitumwa Entebbe kutoka Uingereza. Mmoja wao, Aldo Castellani, Mwitalia, aliona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, lakini kwanza hakutambua uzito wa alichokiona, kwa kuwa alidhani ugonjwa waletwa na bakteria. Mwaka uliofuata akaja David Bruce, aliyekuwa amekwisha kuonyesha mwaka wa 1895, katika nchi ya Wazulu, kwamba nagana ya ng'ombe huletwa na kijidudu cha namna hiyo hiyo. Bruce alitambua mara moja maana ya jambo lile. Ndiyo sababu kijidudu hicho chaitwa katika vitabu vya sayansi *Trypanosoma brucei*, kwa jina la Bruce.

Kujua adui si kumshinda. Dawa ya kufaa haikuwapo. Basi Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza, aliamuru kuanzia mwaka wa 1906 watu waondolewe pwani, na baadaye visiwani, ili wasiumwe na mbung'o. Wengi waliokoka na kifo; lakini walipoteza makao, mashamba, na uvuvi waliourithi kwa baba zao. Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwani ndilo linalotupa sababu ya kuuliza swali lifuatalo. Mwili wa binadamu hujifunza kupigana na magonjwa mengi. Kwa nini haukuweza kujifunza kupigana na hili?

Jibu lilianza kuonekana mbali na kwetu. Mwaka wa 1910, mjini Liverpool, Ronald Ross na David Thomson walikuwa na mgonjwa wa malale aliyeambukizwa Rodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia. Kila siku walihesabu vijidudu katika tone la damu yake. Hesabu ilipanda, kisha ikashuka hata ikakaribia kwisha. Baada ya wiki moja hivi ikapanda tena, ikashuka tena, kama mawimbi yapigayo ufukoni. Kila wimbi likishuka, ungesema mgonjwa amepona. Kila likipanda, ungeona kuwa ulijidanganya.

Maana ya mawimbi hayo yafahamika leo. Mwili wa mtu hutengeneza kingamwili, nazo ni kama askari waliopewa picha ya mwizi. Wakimwona mwenye sura ile humkamata. Lakini tuseme mwizi huyo amevaa kanzu nyeupe, na picha yaonyesha kanzu nyeupe. Naye akikimbilia kichochoroni akabadili, akatoka na kanzu nyeusi, askari wampita bila kumtambua. Mpaka picha mpya ichorwe, yeye amekwisha kuiba tena. Hivyo ndivyo tripanosoma ifanyavyo. Walio wengi huuawa. Wachache waliokwisha kubadili vazi husalia, nao huzaana na kulileta wimbi jipya.

Vazi lenyewe lilionekana mwaka wa 1969, pale Keith Vickerman, mtaalamu wa Uingereza, alipokitazama kijidudu kwa darubini ya elektroni, akaona koti nene lililokifunika mwili mzima. Mwaka wa 1975 George Cross alionyesha kwamba koti hilo limefumwa kwa protini ya aina moja, na kwamba vijidudu vya wimbi jingine vina protini nyingine. Katika kijidudu kimoja molekuli za protini hiyo zapata milioni 10 hivi, zimesongamana kama nyuzi za zulia, hata askari wa mwili hawana pa kupenyeza mkono. Katika insha hii tuliite joho.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka wa 1973 ilianzishwa Kabete maabara ya kimataifa ya kuchunguza magonjwa ya wanyama, iliyojulikana kwa jina la ILRAD. Baadaye, mwaka wa 1994, iliunganishwa na kituo cha mifugo cha Addis Ababa ikawa ILRI. Kazi yake ilikuwa kutafuta kinga ya magonjwa mawili yaliyomfukarisha mfugaji wa Afrika, yaani nagana na ndigana kali. Mwishoni mwa mwaka wa 1979 gazeti la sayansi la *Nature* lilichapa matokeo ya uchunguzi uliofanywa hapo na R. O. Williams, J. R. Young na P. A. O. Majiwa. Jina hilo la tatu halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kenya. Waliikata DNA ya vijidudu vilivyovaa majoho mbalimbali, wakalinganisha vipande, wakaona kwamba palipo jeni ya joho mpangilio umebadilika kati ya kijidudu na kijidudu. Kijidudu kilikuwa kimehamisha maandishi yenyewe. Wataalamu wa Amsterdam na kwingineko, waliokuwa wakiifuata njia hiyo hiyo, walionyesha kwamba jeni ya joho hunakiliwa kutoka ghalani ikawekwa karibu na ncha ya kromosomu, na hapo ndipo isomwapo.

Ili tuelewe maana ya maneno haya, yafaa tusimame kidogo tuitazame DNA. Ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotwa pamoja, na juu yake yameandikwa kwa herufi nne tu maagizo yote ya chembe. Kila agizo moja laitwa jeni. Agizo halifanyi kazi likiwa limelala pale; sharti kwanza linakiliwe. Ndani ya chembe kuna kimeng'enya kifanyacho kazi ya karani: hupita juu ya uzi, husoma herufi moja baada ya moja, na kuandika nakala ya RNA. Nakala hiyo hupelekwa nje, na hapo protini hufumwa.

Karani huyo hana budi kujua mambo matatu: aanzie wapi, aelekee upande gani, na aishie wapi. La kwanza na la tatu ni rahisi kufahamika. La pili lataka mfano. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakianza kulia kwenda kushoto. Sisi twaandika kwa herufi za Kirumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Lugha ni ile ile, lakini mtu akiusoma waraka wa mzee kwa mwendo wetu hapati hata neno moja. DNA ni kama kitabu kilichoandikwa kwa miendo yote miwili: uzi mmoja husomwa kuelekea huku, na mwenzake husomwa kuelekea kule. Jeni hii yaweza kuwa juu ya uzi huu, na jirani yake juu ya uzi ule. Karani akikosea mwendo huandika upuuzi. Tena huo si upuuzi wa bure, kwa maana nakala iliyoandikwa kinyume huweza kushikamana na nakala iliyo sahihi, na zote mbili zikapotea.

Katika mwili wako wewe, msomaji, karibu kila jeni ina lango lake la kuanzia. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba lango hilo laelekea upande mmoja tu. Mwaka wa 2008 wataalamu waligundua kwamba mara nyingi makarani huondoka langoni kwa pande zote mbili. Mbona basi hatujai upuuzi? Kwa sababu upande usiofaa umejaa alama zisemazo "kata hapa". Karani hutembea kidogo, nakala yake ikakatwa na kuharibiwa. Upande ufaao alama hizo ni chache, na zilizopo hulindwa zisitumike ovyo. Kwa hiyo chembe zetu huutawala mwendo kwa kuacha karani aanze, kisha kuikata kazi isiyotakiwa.

Tripanosoma yafuata desturi nyingine. Jeni zake zimepangwa katika safu ndefu, makumi na pengine zaidi ya mia katika safu moja, zote zikitazama upande mmoja. Karani huingia mwanzoni mwa safu, akaenda mpaka mwisho bila kupumzika. Nakala ndefu anayoiandika hukatwa vipande, kila kipande kikawa agizo moja, na mbele ya kila kipande hubandikwa kichwa cha herufi 39, kilicho sawa kwa vipande vyote. Mfikirie mkulima aletaye maji shambani kwa mfereji. Hafungui bomba kwa kila mche. Hufungua mlango mmoja juu, maji yakashuka upande mmoja, yakanywesha mstari mzima.

Lakini mifereji miwili ikikutana ana kwa ana, maji hufurika na kuharibu matuta. Je, safu mbili za jeni zikielekeana, makarani hawatagongana? Hapa pana jambo la kupendeza. Mwaka wa 2009 wataalamu walichora ramani ya protini ziitwazo histoni, ambazo DNA huzungushiwa kama uzi juu ya kijiti. Waliona kwamba mahali safu zinapoanzia pana histoni za namna ya pekee, na mahali zinapoishia pana za namna nyingine, kama vibao vya barabarani, hiki chasema "anza" na kile chasema "simama". Kabla ya hapo, mwaka wa 1993, kundi la Piet Borst huko Amsterdam lilikuwa limekuta katika DNA ya tripanosoma herufi ya tano, ambayo ni herufi ya kawaida iliyobandikwa sukari. Waliiita J. Mwaka wa 2012 ikaonekana, katika jamaa wa tripanosoma aletaye ugonjwa wa leishmania, kwamba herufi hiyo ikipungua makarani hupita mwisho wa safu bila kusimama, wakaingia katika eneo la wenzao. Kumbe mpaka ulilindwa na chembe ndogo ya sukari.

Na joho je? Jeni za joho zina utaratibu wao wa pekee. Hati nzima ya *Trypanosoma brucei* ilipochapishwa mwaka wa 2005 zilikutwa jeni zaidi ya 9,000; na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ghala la majoho lina jeni zaidi ya 2,000. Nyingi kati yake ni mbovu, zimekatika au zimekosewa, lakini kijidudu huweza kuvishona viraka vyake pamoja kikapata vazi jipya kabisa. Mahali pa kusomea joho ni karibu na ncha za kromosomu. Mahali hapo pako kama 15 hivi, na jeni ya joho ndiyo ya mwisho katika safu yake. Juu ya yote hayo pamefunguliwa pamoja tu kwa wakati mmoja. Mengine yote yamefungwa. Mwaka wa 2001 ilionekana kwamba ndani ya kiini cha chembe kuna kijumba kimoja tu cha kazi hiyo, nacho hakiingii safu mbili.

Tafakari maana yake, msomaji. Kama kijidudu kingelivaa majoho yake yote pamoja, mwili ungeliyajua yote siku moja, na ugonjwa ungelikwisha. Hapo ndipo ulipo uhai wake: kusoma ukurasa mmoja, kwa mwendo mmoja, na kuzifunga kurasa nyingine zote. Nguvu ya kiumbe haitokani na wingi wa maandishi aliyo nayo. Hutokana pia na yale anayoyaacha bila kuyasoma.

Hapo twapata jibu la swali letu la Uganda, na jibu hilo lilikuwa chungu. Maabara ya Kabete ilianzishwa kwa tumaini la kupata chanjo. Lakini chanjo ni picha ya mwizi, na picha ya vazi moja haifai kitu kwa mwenye mavazi maelfu. Mpaka leo chanjo ya malale haijapatikana, wala ya nagana. Je, kazi ile ilikuwa ya bure? La. Mtu aliyejua kwa nini mlango huu haufunguki huacha kuugonga, akautafuta mwingine.

Mlango mmoja ulikuwa mbung'o mwenyewe, ambaye hana majoho ya kubadili. Huko Nguruman, katika nchi ya Wamasai, katika miaka ya 1980 wataalamu pamoja na wafugaji walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, uliotiwa harufu ya mkojo wa ng'ombe. Mbung'o huvutwa, akaingia, asitoke. Unguja, madume ya mbung'o yaliyokuzwa Tanga na kufanywa tasa yalitawanywa kwa ndege. Majike yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho kisiwani alionekana mwaka wa 1996.

Mlango wa pili ulifunguliwa na elimu ile ile ya kunakili. Umeona kwamba nakala ndefu ya tripanosoma sharti ikatwe vipande, la sivyo haina kazi. Mwaka wa 2018 ilibainika kwamba dawa mpya iitwayo akoziboroli huuzuia mkasi mmojawapo wa kukata na kutayarisha nakala hizo. Joho liwe jeupe au jeusi, mkasi ni ule ule. Dawa hiyo ilijaribiwa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208 wa malale ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwa kumeza mara moja tu; na kati ya wale ambao ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika ubongoni, 95 katika kila 100 walipona. Malale ya upande wetu ni ya aina nyingine na yataka uchunguzi wake, lakini njia imeonekana.

Kwa bidii ya miaka mingi ya kutega mbung'o, kupima watu na kutibu mifugo, Kenya haikupata mgonjwa mpya aliyeambukizwa nchini baada ya mwaka wa 2009, isipokuwa wasafiri wawili waliopatikana na ugonjwa mwaka wa 2012 baada ya kuzuru Maasai Mara. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Nagana ingali ipo, na mfugaji hana ruhusa ya kulala.

Basi jioni moja ukimwona mfugaji wa Ngoliba akimshika ng'ombe wake aliyekonda na kumtazama machoni, ukumbuke mnyororo huu mrefu: wagonjwa wa Mengo, watu wa visiwani walioacha migomba yao, daktari wa Liverpool na hesabu zake za kila siku, na wataalamu watatu wa Kabete waliokuwa wakikata nyuzi za DNA. Hapana hata mmoja aliyeijua habari nzima. Kila mmoja alisoma ukurasa wake, akamwachia mwenzake ufuatao. Kurasa zilizobaki zawangoja ninyi mlio shuleni leo. Haba na haba hujaza kibaba.